Plasta Si Moja: Uhakiki wa Istilahi za Lipu ya Nyumba kwa Mizani ya Mafundi wa Same

1. Utangulizi

Miongoni mwa maandiko yaliyoletwa mbele yetu ili yapimwe lugha kabla ya kupigwa chapa, kulikuwamo kijitabu cha kurasa chache kuhusu usalama, matumizi na matengenezo ya plasta ya nyumba. Kijitabu hicho kilifasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Waliokifasiri, ambao hapana haja ya kuwataja, walikusudia mema: kumsaidia mwananchi anayejenga kwa nguvu zake mwenyewe, na fundi asiyepata kuhudhuria chuo cha ufundi, waujue ukuta wao na hatari zilizomo ndani yake. Kwa upande wa sarufi kijitabu hakina kosa kubwa. Ngeli zimefuatwa, tahajia ni sanifu, na sentensi zasomeka.

Hata hivyo, tuliona si haki kuipima kazi ya namna hii mezani peke yake. Tulikichukua kijitabu hadi Same, tukakisoma mbele ya mafundi waashi wa mjini na wa vijiji vya milimani, tukasikiliza. Pare ni mahali panapofaa kwa jaribio kama hilo. Bondeni, penye ukame, watu hujenga kwa tofali na saruji. Milimani, kwenye ukungu na baridi kuelekea Chome na Mbaga, ukuta hupambana na unyevu. Na pande zote mbili zingaliko nyumba za fito na udongo. Tena Makanya, kwenye barabara iendayo Korogwe, huchimbwa jasi, ambayo ni mama wa plasta yenyewe. Makala haya yaeleza tuliyoyaona, na kutoa hukumu yetu juu ya istilahi zilizotumika.

2. Neno moja, vitu vinne

Kosa la kwanza, ambalo ndilo mzizi wa mengine, limo katika neno plasta lenyewe. Katika Kiswahili cha leo neno hilo lina maana nne zilizo hai. Plasta ni tabaka la saruji na mchanga linalofunika tofali. Plasta ni unga mweupe wa jasi iliyochomwa, unaosawazisha ukuta wa ndani na dari. Plasta ni kitambaa chenye gundi kinachobandikwa juu ya kidonda. Na plasta ni bandeji ngumu inayofungwa kwenye mfupa uliovunjika, ambayo watu wengi huiita hogo. Maana mbili za mwisho hazimsumbui fundi, kwa kuwa hospitali na jengo havichanganyiki kwa urahisi. Mbili za mwanzo ndizo zenye madhara.

Kijitabu chasema kwamba plasta haifai kutumika nje ya nyumba kwa kuwa huharibiwa na maji. Katika lugha ya asili neno lililofasiriwa lilihusu plasta ya jasi, na kwa jasi kauli hiyo ni kweli: jasi huyeyuka katika maji, kiasi cha gramu mbili hivi kwa lita moja, na ukuta wa nje uliopakwa jasi hauwezi kustahimili masika mengi. Lakini fundi wa Same akisikia plasta hufikiri saruji na mchanga, kitu ambacho amekuwa akikipiga nje ya nyumba tangu alipoanza kazi, na kuta zake zimesimama. Sentensi ile ilipokwisha kusomwa, mmoja wao alicheka, akasema, “Basi mji mzima umekosea.”

Kicheko hicho si jambo dogo. Fundi aliyekwisha kuona kwamba kitabu hakijui kazi yake, hatakiamini ukurasa wa pili, ambako kimeandika habari za chokaa na macho. Istilahi mbovu hupotosha sentensi moja na kuharibu imani juu ya zote zinazofuata. Kwa hiyo twaona kwamba utata wa neno plasta ni suala la usalama kabla haujawa suala la ufasaha.

Dawa ya utata huu tunayo nyumbani. Neno lipu limekuwamo katika vinywa vya waashi wetu kwa muda mrefu. Lugha za Bara Hindi, Kihindi na Kigujarati, zina vitenzi vya kusiliba vyenye mzizi unaofanana nalo sana, wala si ajabu, kwa maana waashi na wafanyabiashara wa huko wamefanya kazi nasi karne nyingi. Lipu haina maana ya hospitali wala ya duka la dawa. Mafundi wote tuliokutana nao waliitambua bila kuelezwa. Mwandishi akiandika lipu ya saruji, lipu ya chokaa, lipu ya udongo na lipu ya jasi, atakuwa na jina la jumla na majina ya matawi yake, na kila onyo litamfikia anayehusika.

3. Jasi: neno lililosahauliwa penye machimbo yake

Kijitabu chatumia jipsamu mahali pote. Hatuna chuki na maneno ya mkopo. Saruji ni mkopo, na lipu ni mkopo. Lakini mkopo huchukuliwa na mwenye upungufu. Jasi ni neno la Kiswahili lililopokelewa kutoka Kiarabu, na Serikali hulitumia inapozungumza juu ya madini ya Makanya. Ni kweli kwamba jasi pia ni jina la pambo la sikio, lakini hakuna atakayedhani kwamba ukuta umevishwa hereni.

Istilahi hii ina faida nyingine ya kuelimisha. Jasi ya Makanya hupelekwa katika viwanda vya saruji, ambako kiasi kidogo chake, asilimia 3 hadi 5 hivi, husagwa pamoja na vitonge vilivyochomwa ili saruji isishike upesi mno. Bila ya jasi, udongo wa saruji ungeshika ndani ya karai kabla fundi hajafika ukutani. Kwa hiyo mfuko wa saruji unaonunuliwa katika duka la Same unayo jasi ndani yake. Tulipolieleza jambo hilo, kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kupakia mawe hayo alistaajabu, kwa kuwa hakuwahi kuambiwa yanakokwenda. Jina moja, likitumika machimboni, kiwandani na ukutani, humwonyesha mtu mwendo wa kitu. Majina matatu huuficha.

Kuna na onyo ambalo kijitabu kimeliacha. Jasi ikichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake, ikawa unga. Unga huo ukichanganywa na maji huyarudisha maji yake, hushika, na wakati wa kushika hutoa joto. Tabaka jembamba la ukutani halimuunguzi mtu, lakini ndoo nzima ni jambo jingine. Nchini Uingereza mwaka 2007 mwanafunzi mmoja wa kike alitumbukiza mikono yake katika ndoo ya plasta ya namna hiyo katika somo la sanaa. Plasta ilishika na kupata moto mikono ikiwa ndani, naye akapoteza vidole karibu vyote. Mfasiri aliyeandika tu kwamba jipsamu hukauka haraka hakumwonya mtu. Jasi haikauki, jasi hushika, na ikishika hupata moto. Vitenzi kukauka na kushika havibadilishani nafasi.

4. Vitenzi vya kazi

Mfasiri aghalabu huhangaika juu ya majina, akavisahau vitenzi. Katika kijitabu hiki vitenzi ndivyo vilivyopata jeraha kubwa zaidi.

Mosi, msomaji anaagizwa “autie ukuta funguo” kabla ya kupiga tabaka la pili. Lugha ya asili hutumia neno moja kwa kifaa cha kufungulia mlango na kwa mikwaruzo inayoufanya ukuta ushike lipu. Mfasiri alichukua maana ya kwanza aliyoikuta. Mzee mmoja, fundi wa miaka mingi, alituuliza kwa upole, “Mwalimu, ukuta huu hauna kufuli, funguo za nini?” Mafundi husema kuchanja au kukwaruza. Tabaka la kwanza likiwa bado bichi huchanjwa kwa ncha ya mwiko au kwa misumari iliyopigiliwa ubaoni, ili la pili lipate pa kushikia. Hapana haja ya kuunda neno.

Pili, lipu inasemwa “iponywe kwa siku saba”. Lipu haiugui. Jambo linalotakiwa ni kuiweka na unyevu, kwa kuinyunyizia maji asubuhi na jioni na kuikinga na jua kali, ili saruji iendelee kufanya kazi yake na kupata nguvu. Katika bonde la Same, penye jua na upepo mkavu, lipu isiyomwagiliwa hupasuka kabla ya wiki kwisha. Mafundi husema kumwagilia wakitaja kitendo, na kukomaa wakitaja matokeo, kama wanavyosema zege limekomaa. Kwa hiyo twapendekeza kukomaza, kitenzi ambacho kila msikilizaji alikifahamu papo hapo kwa kuwa kimo katika ndizi na katika mahindi.

Tatu, kijitabu chaeleza habari za “plasta iliyopulizwa”. Hapa hata sisi tulilazimika kuisaka lugha ya asili ili tuelewe. Maana yake ni lipu iliyoachana na ukuta ingawa haijaanguka. Fundi huigonga kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa nyundo, akasikiliza: palipo pazima hutoa sauti kavu, palipoachia huvuma kama debe. Mafundi wa Same husema lipu imeachia. Neno hili ni bora kuliko lote ambalo tungeliunda ofisini, na lina thamani ya uhai, maana lipu ya dari iliyoachia huweza kumwangukia mtoto aliyelala.

Nne, haki itendeke: ufa wa unywele, yaani ufa mwembamba usiozidi upana wa unywele, umefasiriwa vizuri, na mafundi waliukubali. Lakini kijitabu chasema nyufa “zijazwe”. Lugha yetu imekwisha kuamua jambo hilo zamani katika methali ambayo kila mtoto wa shule aijua: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huzibwa. Mfasiri aliyekuwa na methali hiyo kinywani, akaandika kujaza, aliifasiri lugha ya kigeni pasipo kuisikiliza yake.

5. Chokaa: mahali neno linapoweza kupofusha

Tunaingia katika sehemu iliyo nzito kuliko zote. Mawe ya chokaa, au matumbawe kama ilivyokuwa desturi ya pwani, yakichomwa katika tanuu kwa joto la nyuzi 900 hivi, hutoa hewa ya kaboni na kubaki kitu cheupe chenye ukali mkubwa. Kitu hicho kikimwagiwa maji huchemka na kurusha matone ya moto. Kikishazimwa kwa maji na kuachwa kitulie, huwa chokaa laini ya kupigia lipu, ambayo ukutani huirudisha taratibu ile hewa iliyoipoteza, ikawa jiwe tena. Kuta za miji ya kale ya pwani, kama Kilwa na Gedi, zilipigwa lipu ya namna hiyo.

Kijitabu chaiita chokaa isiyozimwa kwa majina mawili: “chokaa hai” katika ukurasa mmoja na “chokaa mbichi” katika mwingine. Jina la kwanza ni kivuli cha lugha ya kigeni. La pili ni hatari. Katika Kiswahili kitu kibichi ni kile ambacho hakijapikwa wala hakijachomwa. Tulipowauliza mafundi chokaa mbichi ni ipi, walio wengi walijibu kwamba ni mawe yaliyochimbwa, yasiyoingia tanuuni. Mawe hayo hayadhuru; mtoto huweza kuyachezea. Basi onyo lililokusudiwa kumlinda mtu na kitu kilichotoka motoni limeelekezwa kwa kitu ambacho hakijauona moto. Hatuwezi kuwaza kosa la istilahi lililo baya kuliko hilo.

Twapendekeza chokaa isiyozimwa na chokaa iliyozimwa. Majina haya ni marefu kidogo, lakini yana onyo ndani yake, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba kisichozimwa ni moto.

Maelezo ya huduma ya kwanza nayo yana kasoro ya namna nyingine. Imeandikwa kwamba endapo dutu itaingia machoni, ushauri wa kitabibu utafutwe. Sentensi hii haina mtendaji wala haina maji. Chokaa na saruji mbichi zote mbili huunguza kwa ukali wa magadi, na jicho huharibika kwa dakika. Mkazi wa kijiji cha milimani aweza kuwa mbali na daktari kwa saa nyingi. Ni lazima aambiwe moja kwa moja: osha jicho mara hiyo kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua dakika 20, ndipo umpeleke mgonjwa hospitali. Vilevile aambiwe kwamba saruji mbichi huunguza ngozi pole pole bila maumivu ya mwanzo, hata mtu aliyepiga magoti juu yake mchana akaona jeraha jioni. Na kwamba vumbi la lipu kavu inayobanduliwa lina chembe za mchanga zinazodhuru mapafu, kwa hiyo ukuta ulowanishwe kwanza na mdomo na pua vifunikwe ipasavyo.

6. Udongo, na dawa ya ukutani

Kijitabu hakina hata sentensi moja juu ya lipu ya udongo, kana kwamba nyumba ya udongo si nyumba. Hapa Kiswahili ni tajiri, na ufukara ni wa mfasiri. Twasema kukandika tunapobandika udongo katika fito, kusiliba tunapoulainisha na kuusawazisha, na kutomea tunapoziba nafasi za ukuta kwa vijiwe na chokaa. Twakiri kwamba neno la mwisho lina makao pwani. Tulipolitamka milimani tulitazamana tu. Mkuza istilahi hana budi kukumbuka kwamba fundi wa Pare ana haki juu ya Kiswahili sawa na fundi wa Pangani, na neno lisilojulikana bara lifafanuliwe linapotumika.

Lipu ya udongo ina kazi kubwa ya afya. Nyufa za ukuta na sakafu ya udongo ndizo makao ya papasi, mdudu aenezaye homa ya papasi, na kusiliba kwa wakati humnyima maficho. Tena ukuta wa Pare una historia yake katika vita dhidi ya malaria. Kati ya mwaka 1955 na 1959, katika mpango uliohusisha Pare na Taveta, kuta za ndani za nyumba zilinyunyiziwa dieldrini, ili mbu anayetua ukutani baada ya kunywa damu afe. Wakati huo huo ilifahamika kwamba udongo huinywa sumu hiyo, hata sehemu yake isibaki juu ya ukuta mahali mbu anapoigusa. Dieldrini yenyewe ni miongoni mwa kemikali 12 za mwanzo zilizowekewa marufuku au udhibiti na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

Historia hiyo yatufundisha mambo mawili kuhusu lugha. La kwanza ni kwamba neno dawa, linalotumika kwa kinachomponya mtu na kwa kinachomuua mdudu, halitoshi katika maandiko ya usalama. Tuandike sumu ya wadudu. La pili lahusu agizo la kijitabu lisemalo “usipake rangi ukuta uliopigwa dawa”. Mwenye nyumba ya udongo hapaki rangi. Yeye husiliba, na akisiliba juu ya ukuta ulionyunyiziwa huizika sumu ile chini ya udongo mpya, mbu akatua salama. Agizo lililokosa kitenzi kimoja limekosa nyumba yote. Iandikwe: usipake rangi wala usisilibe.

Hapa pia pafaa onyo la ufundi. Wengi hutamani kuifunika nyumba ya udongo kwa lipu ya saruji ili ionekane ya kisasa. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kwa wepesi. Udongo hutanuka na kusinyaa. Baada ya misimu michache ya mvua lipu huachia vipande vipande, na udongo ulio nyuma yake umekwisha kulowa. Kwa ukuta kama huo lipu ya udongo, au ya chokaa, hufaa zaidi.

7. Pingamizi

Wako watakaosema kwamba plasta na jipsamu zimekwisha kuenea, na kwamba Baraza haliwezi kushindana na soko. Hoja hii ina uzito. Hatupendekezi fundi azuiwe kusema plasta anapozungumza na mwenziwe. Wao wawili wanaliona karai lililo mbele yao. Msomaji wa kijitabu halioni. Maandishi hayana karai la kuonyesha kwa kidole, na kwa sababu hiyo yahitaji majina yanayotenganisha. Wala si kweli kwamba istilahi za zamani haziwezi kubeba vitu vipya. Neno saruji, lenye asili ya Kiajemi, lilikuwa jina la udongo wa chokaa usiopenyeza maji, na huko Omani hata leo latumika kwa udongo wa kale wa ujenzi. Kiwanda cha Wazo kilipoanza kutoa saruji mwaka 1966, neno lilikuwapo tayari likingoja kazi.

8. Mapendekezo

(i) Lipu: jina la jumla la tabaka linalofunika ukuta, matawi yake ni lipu ya saruji, ya chokaa, ya jasi na ya udongo.
(ii) Plasta: libakie kwa kitambaa cha kidonda na, inapobidi, kwa bandeji ngumu ya mfupa.
(iii) Jasi: mahali pa jipsamu.
(iv) Chokaa isiyozimwa, chokaa iliyozimwa: mahali pa chokaa hai na chokaa mbichi.
(v) Kushika: kuganda kwa saruji au jasi baada ya kuchanganywa na maji. Kukauka kutumike kwa kupotea kwa maji tu.
(vi) Kukomaza: kuitunza lipu kwa unyevu ili ipate nguvu.
(vii) Kuchanja: kukwaruza tabaka la kwanza ili la pili lishike.
(viii) Kuachia: kwa lipu, kutengana na ukuta kabla ya kuanguka.
(ix) Sumu ya wadudu: mahali pa dawa, katika maandiko ya usalama.

9. Hitimisho

Hukumu yetu ni kwamba kijitabu hiki kisipigwe chapa kama kilivyo. Kirudishwe kwa waliokifasiri, na safari hii wakifanyie kazi wakiwa na fundi mwashi mmoja upande wao wa kulia na mwenye nyumba ya udongo upande wa kushoto. Katika istilahi tisa tulizozitaja, ni moja tu, kukomaza, tuliyoipendekeza sisi, nayo tumeinyambua kutoka katika neno la mafundi wenyewe. Nyingine zote tulizikuta zinafanya kazi, mwiko mkononi.

Mafundi na wasomaji wa mikoa mingine wanaombwa watuletee maneno yanayotumika kwao kwa vitendo hivi, hasa kwa kuchanja na kuachia, ili yalinganishwe kabla orodha haijafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.